Nani Alimwambia Coy Ledbetter Habari ya Utepe

Mama yangu hakuwahi kumwita Coy Ledbetter mwandishi. Alimwita mbea. Magazeti ya New York yalimwita fundi wa riwaya, taifa likamvisha nishani shingoni, na mama yangu jikoni kwake, hapa Tolley Springs, akikanda unga wa pai, alisema: "Mbea yule. Angebaki hapa angesambaza maneno bure kama wenzake. Kaenda mjini akapata wa kumlipa."

Na hakuwa peke yake. Nusu ya mji ilikuwa na kesi na Coy, na nusu nyingine ilijivunia kesi hiyo.

Coy alikuwa mtoto wa mpasua mbao wa ng'ambo ya kijito. Alikwenda vita vya Korea, akarudi amekonda, akasema hataki kuona msumeno tena maishani mwake. Akashika njia kwenda Saint Louis, akapata kazi gazetini, kazi ya kuandika tanzia za watu asiowajua. Riwaya yake ya kwanza ilinunuliwa na mama yake na shangazi zake, na nadhani hata hao hawakuimaliza. Ya pili ndiyo iliyomtoa. Ikatafsiriwa, ikawa sinema, wanafunzi wakalazimishwa kuisoma. Baada ya hapo alitoa kitabu kila baada ya miaka michache, akaoa wake watatu kwa zamu, akajenga nyumba ufukweni California. Vitabu vyote vilihusu mji mmoja wa milimani wenye kijito, kiwanda cha mbao na kanisa jeupe la Kibaptisti. Aliupa jina la kubuni. Alidhani anamdanganya nani?

Sisi hatukusoma riwaya kama watu wengine wanavyosoma. Kitabu kipya cha Coy kilipofika, Imogene mwenye saluni alinunua nakala moja, na Jumamosi wanawake wakakaa chini ya mashine za kukaushia nywele wakagawana watu wa kitabuni kama wanavyogawana nyama ya nguruwe wakati wa kuchinja. Huyu mlevi ni nani? Ni Orval Stiles, tazama anavyotembea. Hapana, Orval ni yule hakimu shujaa, mlevi ni shemeji yake. Orval alipopata habari kwamba yeye ndiye hakimu, alinunua fimbo ya kutembelea asiyoihitaji, na ameishika mpaka leo. Mwenye benki alijiona katika mwizi wa kitabu cha tatu, akauza nyumba akahamia Arkansas. Katika kitabu cha nne mlikuwa na mbwa wa kuwinda asiye na sikio moja, na familia mbili zilinuniana miaka mingi, kila moja ikidai mbwa ni wao.

Haya yote yalikuwa vichekesho. Lililompata mama yangu halikuwa kichekesho, na limo katika kile kitabu cha pili.

Zamani za usichana wao, mama na wenzake walikuwa na karamu za masanduku pale shuleni. Kila msichana alipika, akafunga chakula katika sanduku, akaandika jina lake ndani, sanduku likapelekwa mnadani. Masanduku yote yalifungwa kwa karatasi ya aina moja ili mwanamume asijue ananunua la nani. Kilichotofautiana ni utepe tu. Ukinunua sanduku, unakula na msichana aliyelifunga, na ukimaliza unamsindikiza kwao. Bila shaka kila msichana mwenye mtu wake alimnong'oneza rangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yenyewe.

Katika kitabu cha Coy, msichana mmoja anaingia chumba cha makoti, anafungua utepe wa sanduku la dada yake, anaufunga kwenye sanduku lake mwenyewe, na wake anaufunga kwenye la dada yake. Mwanamume aliyeambiwa "kijani" ananunua kijani, anakula na msichana asiye wake, na baadaye anamwoa.

Mama alikisoma kitabu hicho kwa siku moja, akiwa amesimama, maharage yakiungua. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimekaa saluni kwa Imogene na vibano kichwani, nikamwona mama anaingia bila kusalimu mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa dada yake mkubwa, Vernice, aliyekuwa kwenye beseni la kuoshea nywele.

"Umemwambia!" mama akasema.

Mama Mkubwa akainua kichwa, maji yakimtiririka shingoni. "Nimemwambia nani nini, Oleta?"

"Usijifanye! Umemwambia Coy Ledbetter habari ya utepe!"

"Sijamwambia mtu."

"Nani mwingine aliyejua? Nitajie! Nilibadilisha peke yangu, nikakuambia wewe peke yako, ukaniapia kwa Biblia ya mama!"

Imogene akazima mashine moja ili asikie vizuri. Ndivyo mimi Twila, binti wa Doyle na Oleta Hargis, nilivyojua jinsi nilivyopatikana duniani. Mama Mkubwa alikuwa amemnong'oneza Doyle rangi ya kijani. Doyle alinunua kijani, akafungua, akakuta jina la Oleta. Sanduku la Mama Mkubwa, lililofungwa utepe wa njano, lilinunuliwa na mjane mmoja mfanyabiashara wa nyumbu, asiye na meno, ambaye kuku alimshinda akala mchuzi tu. Kanuni ni kanuni. Baba alimsindikiza mama kwao, na mwaka uliofuata wakaoana. Mama Mkubwa hakuolewa.

Siku ile saluni ndiyo ya mwisho dada hao kusemezana. Waliketi kanisa moja, mmoja kulia, mmoja kushoto. Ikiwa mama ameleta mkate wa mahindi kwenye chakula cha msiba, Mama Mkubwa hakuugusa, na mama naye vivyo hivyo kwa maharage ya mwenzake. Vijana wahuni walimfungia mama utepe wa njano kwenye sanduku la posta kila majira ya kuchipua. Baba alipoambiwa alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kofia yake, akaenda kulisha ng'ombe. Jambo hilo hakuligusa tena mpaka tulipomzika.

Mimi nilibaki na swali moja, na lilinikera kama punje ya mahindi katikati ya meno. Mama Mkubwa hakuwa mwongo. Hata umri wake aliutaja sawasawa. Kama alisema hakusema, basi nani alimwambia Coy?

Miaka mingi baadaye mji ulijenga maktaba mpya, na baraza likaamua kuipa jina la Coy. Wakamwandikia aje kuifungua. Akakubali. Na wiki ile ile ya sherehe Mama Mkubwa akauza nyumba yake. Rafiki yake wa kanisani aliyehamia Oregon alikuwa na chumba, na yeye alikuwa amechoka kupasua kuni. Angeondoka Jumatatu. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Nilimwambia mama.

"Mama Mkubwa anahama. Oregon. Harudi."

"Safari njema," mama akasema, lakini kisu alichokuwa akimenyea viazi kilisimama.

"Hutakwenda kumuaga?"

"Anayetaka kuagwa huaga."

"Mama, mmebaki wawili tu."

"Aseme alisema. Neno moja tu. Aseme, 'Oleta, nilisema,' nami nitamsamehe leo leo. Lakini mtu anikane machoni miaka yote hii? Sitaki."

Ndiyo ilivyokuwa. Nilikuwa na siku chache za kuwapatanisha wanawake wawili wenye vichwa vigumu kama mawe ya shamba letu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Baraza lilitafuta wa kumpokea Coy kituo cha basi. Orval angekuwa na fimbo yake na hotuba ya saa nzima, na wengine wote walikuwa na vinyongo. Wakaniangukia mimi. Nilizaliwa nimechelewa, simo katika kitabu chochote, kwa hiyo walidhani sina kesi naye.

Akashuka mzee mfupi mwenye kofia ya kuvulia samaki na macho ya kuku anayetafuta punje. Hata mlango wa pikapu hajafunga, maswali yameanza. Nyumba ile ya Pettigrew nani anakaa? Wale bata mzinga mnawapa nini siku hizi? Kwa nini daraja limepakwa rangi ile mbaya? Aliuliza kama mtoto wa miaka minne, na alisikiliza jibu kama mtu mwenye njaa. Nikamjibu maili kadhaa, kisha subira ikaniishia.

"Mzee Coy, na mimi nina langu. Moja tu."

"Uliza, binti. Mimi nimekumaliza kwa maswali."

"Habari ya utepe. Msichana aliyebadilisha utepe kwenye karamu ya masanduku. Nani alikusimulia?"

Akanitazama. "Hakuna aliyenisimulia. Nilibuni."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nilikuwa Saint Louis, nimekaa jikoni nabangua karanga. Mhariri alikuwa amenirudishia hadithi, anasema katikati imelala, haiendi. Nikakumbuka karamu moja pale shuleni. Nilikuwa nimekusanya vijisenti vyangu ninunue sanduku la msichana mmoja, simtaji jina, nikakosea, nikala na nyanya yake mchungaji. Kuku mkavu kama soli! Nikasema moyoni, laiti angetokea mtu akabadilisha tepe. Basi. Nikamwandika aliyebadilisha."

"Mama yangu alibadilisha."

"Nini?"

"Mama yangu. Oleta. Alifungua utepe wa dada yake Vernice akafunga wake. Ndivyo alivyompata baba yangu."

Nimewahi kuona watu wakifurahi, lakini sijaona mzee akifurahi namna ile. Alijipiga goti. "Kweli? Kweli kabisa? Kwa mikono yake? Katika chumba cha makoti, au mahali pengine? Fundo alifunga la namna gani? Lilikuwa lile lile la..."

Nikakanyaga breki, kofia yake ikaangukia kioo.

"Unacheka," nikasema. "Mama yangu na dada yake hawajasemezana tangu kitabu chako kitoke. Mama anaamini Mama Mkubwa ndiye aliyekuambia. Jumatatu Mama Mkubwa anahamia Oregon, na wewe unauliza fundo!"

Akaokota kofia, akaishika mapajani. Furaha ilimtoka usoni taratibu. Gari la maziwa lilitupita likitupigia honi.

"Na mji ulijuaje?" akauliza.

"Mji ulijuaje nini?"

"Kwamba yule msichana wa kitabuni ni mama yako. Mimi sikujua. Dada yake hakusema. Mji ulijuaje?"

Nikaiona saluni ya Imogene, mashine ikizimwa, mama amesimama katikati na mkoba mkononi akipiga kelele: nilibadilisha peke yangu. Miaka yote nilikuwa nikimtafuta aliyefichua siri, na nilikuwepo pale pale nikimtazama.

"Mwenyewe alisema," nikasema.

"Maskini," Coy akasema, na niliona ameumia kweli. "Mwiba wa kujidunga."

Nilimfikisha kwenye nyumba ya wageni, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama mlangoni, maana nilijua nikikaa nitalainisha maneno. Alisikiliza. Rangi ilimpanda shingoni mpaka masikioni.

"Mtu anayekula kwa uongo wake," akasema, "ndiye unayeniletea kuwa shahidi?"

"Atadanganya ili apate nini, mama?"

"Anamlinda Vernice. Wale walisoma darasa moja."

"Mama."

"Nitamwuliza mwenyewe! Mbele za watu, na Vernice akiwepo. Aniangalie machoni adanganye. Twila, nipigie pasi gauni la buluu."

Nilimpigia. Mama akishaamua jambo, ng'ombe dume humpisha njia.

Jumamosi mchana ukumbi wa maktaba ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kila aliyedhaniwa kuwa kitabuni alikuwa amevaa vizuri kuliko siku ya Pasaka. Orval alikaa mbele na fimbo. Familia mbili za mbwa zilikaa mbali mbali. Mama Mkubwa alikaa nyuma karibu na mlango, mwembamba, amenyooka, koti mapajani kama mtu aliyekwisha kuanza safari. Mama akakaa katikati, nami ubavuni mwake nikimshika mkono, mkono ambao haukutaka kushikwa.

Coy alisema vizuri, na kwa kifupi. Kisha meya akauliza kama kuna mwenye swali. Mama akasimama kabla meya hajamaliza sentensi.

"Coy Ledbetter. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka, Oleta. Tulikuwa tunakimbia mbio za magunia, na kila mara unanishinda."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Nani alikuambia habari ya utepe?"

Shingo zote ziligeuka, nusu kwa mama, nusu nyuma kwa Mama Mkubwa. Coy akavua miwani.

"Hakuna mtu, Oleta. Nilibuni. Juzi tu, ndani ya gari la binti yako, ndipo nilipojua kwamba kuna mtu aliyefanya kweli. Kama ningejua kisa hicho kitaingia nyumbani mwa mtu nisingekiandika. Au labda ningekiandika, mimi mtu mbaya. Lakini hakuna aliyeniambia. Naapa kwa kaburi la mama yangu, na unajua mama yangu alivyokuwa."

Mama alibaki amesimama. Na pale mbele, Orval Stiles akainua fimbo.

"Ngoja kwanza. Na yule hakimu?"

"Hakimu gani?"

"Hakimu shujaa! Mimi!"

"Orval, ndugu yangu, yule nilimtoa kwenye tanzia ya mtu wa Saint Louis. Sikumjua. Nilimpa masharubu tu."

"Na mbwa?" mtu akapiga kelele. "Mbwa asiye na sikio?"

"Alikuwa mbwa wa mwenye nyumba wangu."

Kelele zilizozuka hapo sijawahi kuzisikia, hata kwenye mechi ya watani. Watu waliokuwa wamekasirika miaka yote kwa kuandikwa, sasa walikasirika mara mbili kwa kutoandikwa. Mwanamke mmoja alilia, akisema yeye alijua tangu zamani ni mchawi wa kitabu cha tano, hawezi kunyang'anywa leo. Nilipogeuka, kiti cha Mama Mkubwa kilikuwa kitupu, na mama alikuwa amekwisha kuanza kusukuma watu kuelekea mlangoni.

Tulimkuta kwenye maegesho akifungua gari lake. Kiti cha nyuma kilijaa maboksi, blanketi na taa ya mezani. Mama alisimama mbali kidogo. Nilidhani atageuka arudi. Mama yangu kuomba radhi hakujui, ni kama kuogelea kwa kuku.

"Dada," akasema.

Mama Mkubwa hakuitwa hivyo na mtu yeyote duniani isipokuwa huyo mmoja. Akaacha ufunguo mlangoni.

"Hukusema," mama akasema.

"Nilikuambia siku ile ile, nikiwa na sabuni kichwani."

"Nisamehe. Nilikutuhumu mbele ya watu. Nisamehe, dada. Miaka yote hii."

Nilitaka kupiga makofi. Nilidhani yamekwisha, na kwamba mimi ndiye niliyeyamaliza. Lakini Mama Mkubwa alimtazama mama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na usoni mwake hapakuwa na mtu aliyepatanishwa.

"Hilo nilikusamehe zamani," akasema. "Nilijua ni aibu inayokusemesha. Mnanishangaza, mji mzima. Tangu kitabu kile mnauliza nani alisema. Saluni wanauliza. Kanisani wanauliza. Mtoto huyu kamsimamisha mwandishi wa watu barabarani kumwuliza nani alisema. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani aliibiwa."

Upepo ulikuwa unapeperusha kona ya blanketi nje ya dirisha la gari. Mama akaishika kona hiyo, nadhani ili apate kitu cha kushika.

"Nilikuambia mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Sikukuficha. Ulisema si neno. Ulicheka."

"Uliniambia asubuhi ya harusi yako, Oleta. Umevaa gauni, ninakufunga vifungo vya mgongoni. Ulitaka niseme nini?"

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi methali hiyo nilikuwa nimeisema mara nyingi kwa watu wengine. Nilitamani ardhi inifunike. Mimi ndiye kitu chenyewe kilichopatikana kwa wizi ule, nimesimama pale na kitambaa changu cha sherehe shingoni.

Mama akaliachia blanketi. Akanyoosha mgongo, mikono chini, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Nilikuibia Doyle," akasema. "Nilijua unampenda. Nilikuona unavyopamba sanduku lile, nikajua. Nikaingia chumba cha makoti nikakuibia. Haikuwa mchezo. Nilimtaka nikamchukua."

Mama Mkubwa akavuta pumzi, akaitoa. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo ulivyofanya."

Kutoka ukumbini tulisikia bado Orval anabishana na meya. Kisha Mama Mkubwa akauliza, bila kumtazama mtu, akichezea ufunguo, na sauti yake ilikuwa ya msichana:

"Alikuwaje?"

"Nani?"

"Doyle. Nyumbani. Mlango ukishafungwa. Nimekaa upande wa pili wa kanisa, benchi la nyuma, nikimwona kisogo miaka yote ile. Nilikuwa nataka tu kujua. Alikuwa mume wa namna gani?"

Nilimwona mama akifikiri. Uongo ulikuwa rahisi, na ungekuwa wa huruma. Angeweza kusema alikoroma, alikuwa bahili, alikuwa mkali, hukupoteza kitu, dada. Niliomba aseme hivyo. Angemwacha dada yake aende Oregon na mzigo mwepesi.

"Alikuwa mwema," mama akasema. "Alikuwa mwema kila siku, dada. Hata siku ambazo sikustahili."

Mama Mkubwa akatikisa kichwa polepole, akikubali.

"Nilijua," akasema, na hapo ndipo alipolia.